Beryl na Kengele Zilizoachwa Juu

Watu wa kijiji chetu cha Hessing wakitaka kujua ni saa ngapi, hawatazami saa, wanamtazama Beryl Larwood. Akipita na kikapu, ni saa ya duka. Akipita mikono mitupu na uso umekunjwa, ni jioni ya mazoezi ya kengele na kuna mtu amechelewa, na mara nyingi mtu huyo ni mimi. Tangu Clive aliponioa akanitoa Same na kunileta kwenye baridi hii ya Wazungu, sijagombezwa na mtu kama nilivyogombezwa na bibi yule. Na sijampenda mtu asiye ndugu yangu kama ninavyompenda yeye. Nimeshasema, basi, tusirudie.

Alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote. Watoto waliokula mkononi mwake sasa wana mvi, na bado akipaza sauti pale dukani wananyoosha migongo na kuficha mikono. Hiyo sauti ikumbukeni, nitairudia.

Mimi na yeye ni wapiga kengele wa kanisa. Tuko sita pamoja na Clive, kengele sita. Makanisa hapa ni mawili, yamejengwa kwenye uwanja mmoja wa makaburi, na kila mzee ana kisa chake cha kwa nini, na visa vyote ni uongo. Moja halina paa, kunguru ndio waumini wake. La pili ndilo letu. Watu wa mjini huja na mabuti na kamera zao kuyashangaa yote mawili, na mlango wetu mchana haufungwi. Anayetaka kuingia aingie, akae, apumue, aende zake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana msipoelewa hili hamtaelewa nilivyotetemeka siku ile. Kengele zetu hazigongwi kwa nyundo. Kila moja imefungwa kwenye gurudumu huko juu mnarani, na ukivuta kamba inazunguka nzima, mdomo chini, mdomo juu. Kuzipandisha mpaka zikae midomo juu ni kazi ya jasho, kwa hiyo siku ya harusi tunazipandisha asubuhi na kuziacha hivyohivyo mpaka alasiri. Kengele iliyoachwa juu inaegemea kipande cha mti tu. Huku chini unaona kamba imening'inia kimya, ina shungi la sufu nyekundu na buluu, kama inakuita uishike. Ukiivuta, hata kidogo, kule juu chuma kizito kuliko fahali kinapinduka, kamba inapaa, na wewe usipoiachia unapaa nayo. Wapo waliovunjika mikono. Wapo waliopigizwa vichwa darini.

Na mnara wetu chini hauna mlango; wenye mlango na ufunguo ni ngazi ya kupanda juu. Kamba zinaning'inia nyuma ya viti, mbele ya macho ya kila mtu. Kwa hiyo kengele zikiwa juu, lazima mmoja wetu akae nazo. Asipokaa, sheria ni moja: anaweka ufunguo wa mnara mezani na hashiki kamba tena mpaka anakufa.

Sheria hiyo aliiweka Beryl. Na aliyemtungia alikuwa mumewe mwenyewe.

Ron Larwood alikuwa mkuu wa wapiga kengele kabla yake. Mtu mpole, mwenye mzaha, mikono kama makasia. Wiki ya harusi ya binti yao Lorraine alizipandisha kengele ili wafanye mazoezi, akatoka mara moja kwenda kumtazama ng'ombe wa jirani aliyekuwa anazaa. Mama aliyekuwa anafagia kanisa akaisogeza kamba ili apitishe ufagio. Akavunjika mkono na mfupa wa bega. Jioni ile, mbele ya wapiga kengele wote, Beryl akanyoosha kiganja.

"Ron, ufunguo."

"Beryl, mke wangu, harusi ni Jumamosi."

"Najua ni lini, gauni nimelishona mimi. Ufunguo."

Akautoa. Jumamosi Lorraine alipoolewa, baba yake alimsindikiza mpaka madhabahuni, halafu kengele zilipoanza akatoka nje akakaa juu ya ukuta wa makaburi, kofia magotini, anasikiliza. Toka siku hiyo kila Jumapili alikaa palepale. Nami nilimkuta pale nilipohamia. Tukimaliza kupiga na kutoka, alikuwa anamwambia mkewe neno lilelile: "Huko ndani hamsikii kitu nyinyi. Utamu wote uko huku ukutani." Na Beryl alikuwa anamjibu, "Nyamaza wewe."

"Ananisimanga, Eli," aliniambia siku moja. Mimi jina langu ni Eliwaza, lakini hapa wote wameridhika na kipande. "Hasemi waziwazi kwamba nilimwonea. Anakaa pale anisimange mpaka aingie kaburini."

Kaburini akaingia, Januari hii iliyopita. Wakamzika chini ya ukuta huohuo. Beryl hakulia mbele ya mtu. Alipiga kengele kubwa mwenyewe, akaenda nyumbani, na wiki iliyofuata akanigombeza kwa kuchelewa. Nikajua yuko sawa. Wapi! Nilikuwa sijui kitu.

Basi ikafika Juni, harusi ya Imogen, mtoto wa Lorraine, mjukuu pekee. Imogen alimwambia bibi yake, "Kengele kubwa akiipiga mtu mwingine yeyote, mimi siolewi." Beryl akajifanya kukasirika, lakini kijiji kizima kilisikia habari hiyo kutoka kinywani mwake, duka zima, posta nzima. Alikosa kitu kimoja kwenye harusi ya binti yake, nacho ni furaha. Hii ya mjukuu alikuwa ameingoja.

Asubuhi tukazipandisha. Maurice Gooch, mfuga nguruwe, mwenye kamba ya tano na mdomo usiotulia, akapangusa jasho.

"Bosi, nani anabaki kulinda?"

"Mimi," akasema Beryl. "Nyinyi nendeni Plough mkale. Bia moja. Maurice, nimesema moja."

"Moja kwa kila mkono, mama."

"Nitakuvua hiyo mikono."

Tukamwacha amekaa kwenye kiti chake chini ya kamba, mkoba mapajani, kama mlinzi wa benki. Tukaenda baa.

Mimi sikuwa na njaa. Nilikula kidogo, nikaomba mkate wa jibini na achari nimpelekee. Njia ya kutoka Plough kwenda kanisani inapita nyuma ya nyumba ya Beryl. Nikapita nimeshika sahani, naimba zangu, nikaona dirisha la jikoni limejaa mvuke.

Na nyuma ya mvuke, Beryl. Amevaa aproni juu ya gauni la harusi. Anamenya viazi.

Nilisimama. Kwanza nilidhani kuna mtu amempokea zamu. Nikagonga kioo, akafungua dirisha.

"Mama, nani yuko kanisani?"

"Saa sita hii, mwanangu. Viazi vya Ron. Asipokula saa sita anakuwa na..."

Akakitazama kiazi mkononi. Akaitazama meza, sahani mbili, uma mbili, glasi mbili. Sijui nieleze vipi uso wa mtu anayerudi kutoka mbali namna ile.

Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, "Kengele."

Sahani sijui niliitupa wapi. Alitoka mlango wa nyuma na aproni yake, nyonga mbovu, anachechemea, ananisukuma mgongoni.

"Tangulia! Tangulia, kimbia! Eli, ukikuta mtu amezishika usipige kelele. Umesikia? Mtu akishtuka anang'ang'ania. Sema naye polepole."

Nikakimbia. Mimi mwili huu si wa kukimbia, na viatu vilikuwa vya harusi, nikavivua njiani. Nilipokata kona ya uwanja nikaona basi dogo limeegeshwa langoni. Wageni. Wapenda makanisa. Wengine walikuwa kwenye lile kanisa bovu wanapiga picha kunguru. Wengine sauti zao zilikuwa zinatoka ndani ya letu, na walikuwa wanacheka.

Niliingia pekupeku. Mwanamume mnene wa kaptura, mwekundu kwa jua, amesimama chini ya mnara. Ameshika shungi la kengele kubwa kwa mikono miwili. Mkia wa kamba, ule unaokunjwa kitanzi, ulikuwa umelala begani kwake, karibu na shingo. Mbele yake mama mmoja ameinua simu.

"Tabasamu, Graham! Jifanye unavuta!"

Nikatembea. Mungu shahidi, nilitaka kupiga yowe kama la msiba, nikalimeza. Nikaweka sauti ya kumbembeleza mtoto.

"Habari za mchana. Samahani, baba. Naomba uiachie hiyo kamba. Taratibu tu. Fungua vidole."

Akanigeukia. Akaniona mwanamke mweusi, pekupeku, nahema kama punda. Akacheka.

"Kwani itaniuma?"

"Ndiyo. Itakuuma. Iachie, tafadhali."

"Sheila, anasema itaniuma!"

Wakacheka wote. Kundi zima. Mimi nilikuwa natazama kile kitanzi begani kwake na nilikuwa naomba kwa lugha zote ninazozijua. Nikasogea hatua moja. Ningeweza kumshika mkono, lakini ningemshika vibaya angevuta. Kengele kubwa sijawahi kuipiga mimi, ikipinduka sina nguvu ya kuirudisha.

"Baba, nakuomba sana."

"Haya, haya, picha moja tu," akasema. Na ili picha ipendeze, akavuta.

Alivuta kidogo tu, kama mtu anayevuta pazia. Nikasikia kule juu mti ukilia, kwii, na kitu kizito kikianza kuondoka mahali pake.

"ACHIA!"

Ilitoka mlangoni. Ile sauti. Ile niliyowaambia mkumbuke. Sauti ya bwalo la chakula, ya miaka yote ya mtoto kaweka mkono kwenye sufuria. Watu wote mle ndani walisimama wima, mimi pia, na yule Graham, mtu mzima mwenye tumbo lake, akafungua vidole vyote kumi kama mtoto wa darasa la kwanza na kuruka nyuma. Kitanzi kikamteleza begani, kikapita puani kwake, na shungi likapaa juu likagonga dari.

Kamba ikabaki inacheza hewani peke yake, inarukaruka, na hiyo ni hatari nyingine, maana inaweza kumnasa yeyote. Beryl alishafika. Sijui nyonga ile aliiacha wapi. Akaudaka mkia wa kamba kwa mikono miwili, ukamwinua mpaka visigino vikaacha sakafu, akaning'inia, akaukandamiza chini kwa mwili wake wote. Kengele ikalia. Madirisha yakatetemeka. Akaivuta tena, ikalia mara ya pili, akaisikilizia kwa vidole, akaiegemeza pale pake, kimya.

Halafu wale watu wakapiga makofi.

Nawaambia, walipiga makofi. "Ajabu!" anasema Sheila. "Umeliona hilo, Graham? Kwa umri wake! Mama, unaweza kutuonyesha tena?"

"Tokeni nje," nikasema mimi. Sikusema kwa kubembeleza. Wakatoka.

Beryl alikaa kwenye kiti cha nyuma. Viganja vilikuwa vimechunika, damu inadondokea kwenye aproni. Nikafunga kwa leso yangu.

"Ingemnyonga," akasema.

"Haikumnyonga."

"Eli, ingemnyonga. Mimi niko jikoni nammenyea viazi mtu aliyekufa."

Nikapiga magoti mbele yake. Nililia mimi, yeye hakulia. "Mama, nisikilize. Hakuna aliyejua. Wale wameona maonyesho, wameshapanda basi lao. Mimi sisemi, hata Clive simwambii. Utapiga kengele ya Imogen, utacheza, utakula keki. Kesho tutazungumza. Tafadhali, kwa ajili ya mtoto."

Alikuwa anautazama mlango, na kupitia mlangoni unaona ukuta.

Wenzetu wakarudi, Maurice mbele na mashavu ya bia. Walikuwa wamezisikia zile kengele mbili mpaka Plough.

"Bosi, ulikuwa unapasha misuli?"

Tazama jinsi Mungu anavyomletea mtu uongo umeshapikwa, umeshapakuliwa. Alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu. Nikamkazia macho. Itikia, mama. Itikia.

Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akautoa ufunguo wa mnara, ule mkubwa wa chuma, akauweka juu ya meza ya vitabu vya nyimbo. Ukagonga kwa kishindo.

"Niliziacha," akasema. "Nilikwenda nyumbani. Mtu alivuta."

Maurice uso ulimbadilika mpaka nikamhurumia.

"Kaumia?"

"Hapana."

"Basi hakuna kitu! Beryl, acha mambo ya ajabu. Kaumia nani? Hakuna. Chukua ufunguo wako."

"Ron alikuwa na harusi ya binti yake," akasema Beryl. "Nilimwonea huruma? Sikumwonea. Maurice, wewe shika kubwa. Tano zinatosha. Clive, usimkimbize Eli, ana haraka sana kwenye mzunguko wa kwanza. Wewe Eli, viatu vyako viko wapi? Unataka kumpigia bi harusi kengele pekupeku?"

Tukambembeleza sote kwa zamu. Clive wangu, ambaye hasemi maneno matano kwa siku, alisema kumi. Hakusikia. Akavua aproni yenye damu, akaikunja, akanikabidhi. Akaenda kukaa kiti cha mbele kama bibi yeyote wa bi harusi, leso yangu viganjani, na harusi ikafungwa vizuri, na padri akasahau jina la kati la bwana harusi, na watu wakacheka.

Wakati wa maharusi kutoka ulipofika, tulikuwa tumesimama kwenye kamba. Imogen anakuja na mumewe, anacheka, anamtafuta bibi yake chini ya mnara. Akamwona Maurice kwenye kengele kubwa. Kicheko kikamkauka.

"Bibi yuko wapi?"

Mama yake, Lorraine, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa ameshatazama nje. Akauona ukuta, akaweka mkono mdomoni. Yeye aliuona ukuta ule siku yake mwenyewe, na mtu juu yake.

Maurice akasema kwa sauti iliyokatika, "Jamani, tuvute." Tukavuta.

Nimepiga kengele nyingi, sijapiga kama siku ile. Nilikuwa sioni kamba kwa machozi, nilikuwa napiga kwa masikio tu. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona Imogen akikusanya gauni lake jeupe kwa mikono miwili na kukatiza makaburi mbio. Nilimwona akiinama, bibi akamwambia kitu sikioni, akambusu, akamsukuma arudi kwa wageni wake. Kisha Beryl akabaki peke yake. Amekaa wima, mkoba mapajani, viatu vyake vizuri vinaning'inia juu ya jiwe jipya la Ron. Anasikiliza.

Tulipomaliza tukazishusha zote, moja moja, midomo chini, kama alivyotufundisha. Nikatoka. Watu walikuwa wameshahamia kwenye hema la karamu. Nilijua atanigombeza, na nilitamani anigombeze.

"Maurice anachelewa kwenye mvuto wa pili," akasema.

"Nitamwambia, mama."

"Na wewe uliharakisha. Lakini uliharakisha kidogo."

"Pole, mama."

Nikapanda ukutani nikakaa karibu naye. Kunguru walikuwa wanarudi kwenye kanisa lao. Nikamtazama, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, yanaangukia leso, wala hayafuti.

"Ni kweli alivyokuwa anasema," akasema. "Ndani husikii. Ndani unahesabu, unamfuata mwenzako, una kazi. Huku zinakuja zote pamoja. Nimezipiga maisha yangu yote, Eli, na leo ndiyo nimezisikia."

Nikamshika mkono, taratibu, kwa sababu ya majeraha.

"Nilidhani ananisimanga," akasema Beryl. "Kila Jumapili, utamu uko huku, utamu uko huku. Alikuwa ananiita nije nikae. Na mimi namwambia nyamaza wewe."